Kitufe cha F10 na Kadi ya Harusi ya Dada Yangu

"Familia ya Bwana Athman wa Satellite, Nairobi, kwa furaha isiyo kifani na heshima iliyotukuka, inakualika wewe, mgeni adhimu, kwenye harusi ya binti yao mpendwa Mabruka na Bwana Shiraz wa Spring Valley, kijana msomi, mtanashati, anayemcha Mungu na kuogopa kuku.

Sherehe itafanyika Jumapili saa sita mchana, Kenyatta Market, nyuma ya wachoma nyama.

Kila mgeni aje na kisu chake.

Mama wa bwana harusi atakagua viatu mlangoni."

Niliisoma kadi hiyo nikiwa nimesimama katikati ya ofisi. Karatasi nene. Kingo za rangi ya dhahabu. Wino bado unanukia.



Ndugu zangu, maneno hayo niliyatunga mimi. Yalikuwa mzaha! Hayakupaswa kutoka ndani ya kompyuta hata siku moja!

Na sasa yalikuwa yamechapwa...

Nikageuka kwa bosi. Kamleshbhai alikuwa kwenye simu, akigombana kwa Kigujarati na mtu wa karatasi.

"Kamleshbhai! Kadi za Mabruka ziko wapi?"

Akafunika simu kwa kiganja.

"Zimekwenda! Bi Mwanasha amechukua boksi yote. Ameenda Spring Valley na teksi. Na wewe kwa nini umechelewa?"

"Spring Valley?!"

"Kwani kwa bwana harusi ni wapi? Kisumu?"

Akarudi kwenye simu yake.

Nikaichungulia meza ya Mwololo, fundi wa mtambo wa kuchapa. Hayupo. Ametoka kwenda kunywa chai.

Nikaangalia kadi tena. Labda nimesoma vibaya?

Kuku bado walikuwepo.

* * *

Ngoja nikueleze nilivyofika hapo, usije ukadhani mimi ni mwendawazimu. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa bweni, jambo ambalo linakaribia lakini si lilelile.

Ilikuwa likizo ya Agosti, mwaka 1994. Jina langu Jabir. Dada yangu Mabruka alikuwa akipiga chapa kwa kompyuta katika ofisi ndogo ya Kamleshbhai, nyuma ya Biashara Street. Walitengeneza kadi za harusi za kila mtu mjini: Wahindu, Masingasinga, Waislamu, hata watu wa kanisa. Mabruka ndiye aliyekuwa na mkono wa kupanga maandishi yakakaa kama maua.

Lakini sasa Mabruka alikuwa bibi harusi. Kwetu, watu wenye asili ya pwani, mwari huwekwa ndani. Hatoki. Hapigwi na jua. Anasuguliwa, anafukizwa, anachorwa hina, basi. Kwa hiyo kiti chake ofisini nikakikalia mimi.

Na kazi yangu ya kwanza kubwa ikawa kadi ya harusi yake mwenyewe.

"Jabir, uisome neno kwa neno," aliniambia jioni moja nyumbani Satellite, mikono yake imefungwa vitambaa kama bondia. "Mama yake Shiraz ametukataa mara mbili. Mara ya tatu amekubali kwa shingo upande. Anatafuta kosa. Usimpe."

"Dada, mimi nilipata A ya Kiswahili."

"Na ukapata barua ya kufukuzwa wiki mbili kwa kumvalisha mbuzi wa mwalimu mkuu tai."

"Ilimpendeza."

Hakucheka. Akanishika shavu kwa kile kidole kimoja kilichokuwa nje ya kitambaa.

"Nimemsubiri Shiraz miaka. Usiniangushe."

Nikaapa. Na nilipoapa nilimaanisha, hilo niaminini.

Tatizo lilikuwa disketi.

Rafiki yangu Rajinder alinipa disketi moja ya buluu iliyojaa michezo ya bure. Wale wa siku hizi hamtaelewa. Hatukununua michezo. Mtu mmoja alikuwa nayo, akamnakilia mwenzake, naye akamnakilia mwenzake, mpaka mji mzima ukawa unacheza kitu kimoja bila kumjua aliyekitengeneza. Kulikuwa na mchezo wa kuvunja matofali. Kulikuwa na mmoja wa kuendesha gari lililofanana na kiberiti. Lakini mfalme wao alikuwa nyoka.

Nyoka wa kijani kwenye skrini nyeusi. Anakula, anarefuka. Anarefuka, anakimbia. Akijigonga mkia, amekufa. Ni hivyo tu! Ukiupata mchezo ule leo kwenye kompyuta yoyote kuukuu, ucheze. Ndani ya dakika chache utasahau jina la baba yako.

Na ulikuwa na siri tamu: kitufe cha F10. Kitufe cha bosi! Bosi akitokea mlangoni, unabonyeza, nyoka anatoweka, na badala yake inatokea kazi yoyote uliyochagua mwenyewe kutoka kwenye faili zako. Bosi anapita akitabasamu.

Kwenye ofisi ya kadi, ningeficha nyoka nyuma ya nini? Nyuma ya kadi!

Kadi ya kweli niliiita HARUSI1. Ilikuwa safi, ya heshima, tayari. Halafu nikaona mzaha hauna utamu kama hauna sumu kidogo. Nikatunga HARUSI2. Kuku, kisu, viatu, vyote. Nikaiweka nyuma ya F10, kwenye disketi ileile ya kazi.

Nilicheka peke yangu mpaka machozi.

Jumatano mchana nilikuwa ndani ya mchezo. Nilikuwa namwinda mtu anayejiita CHUI. Mchezo uliweka majina ya waliopata pointi nyingi, na kwenye kompyuta ile CHUI alikuwa juu siku zote. Nikimpita leo, kesho amenipita. Nilidhani ni Mwololo. Siku hiyo nyoka wangu alikuwa amejaa skrini nzima, mrefu kama foleni ya Uhuru Highway, nikamkaribia CHUI, nikamkaribia...

Mlango ukalia.

F10!

"Ndiyo kadi ya Mabruka hiyo?" Kamleshbhai aliuliza kwa mbali, akivua koti.

"Ndiyo, Kamleshbhai."

"Iko tayari?"

Niseme nini? Haiko tayari? Aje aisome?

"Tayari kabisa!"

"Basi peleka kwa Mwololo."

Nikatoa disketi, nikampelekea Mwololo chumba cha nyuma. Nikajiambia, ataona HARUSI1, atachapa HARUSI1. Nikaenda nyumbani nikala viazi karai.

Nilisahau jambo moja tu. Kwa Mwololo, namba kubwa ndiyo kazi mpya. Ya pili ndiyo iliyosahihishwa! Kila mtu wa ofisi ile alijua. Hata mimi nilijua.

* * *

Turudi asubuhi ya Alhamisi, nimeshika kadi.

Kupiga simu? Simu iko sikioni mwa bosi. Na nikipiga niseme nini? "Shikamoo, tafadhali msisome ile kadi inayomtukana mwanao"?

Lakini nilikuwa na tumaini moja. Bi Mwanasha alikuwa mwalishi wetu, yaani mama ambaye kazi yake ni kuzunguka nyumba kwa nyumba akialika watu harusini. Na Bi Mwanasha alikuwa na utaratibu. Kadi haitolewi kwa yeyote kabla ya nyumba ya bwana harusi. Na haitolewi kabla ya salamu.

Na salamu za Bi Mwanasha, ndugu zangu, zilikuwa ndefu kuliko safari yenyewe.

Nilichukua baiskeli ya ofisi, ile nyeusi nzito ya kupelekea mizigo. Sikuomba.

Museum Hill ilinikuta nimesimama juu ya pedali, ulimi nje. Westlands nilizunguka kiplefti nikipigiwa honi na kila mtu aliyekuwa na honi. Baridi ya Agosti, lakini jasho linaniingia machoni. Kila nikikanyaga nilimwona Mabruka na ile mikono yake iliyofungwa. Usiniangushe. Usiniangushe. Mnyororo wenyewe ulikuwa unasema hivyo.

Mama yake Shiraz akiisoma kadi ile, harusi imekufa. Si kuahirishwa. Imekufa! Na dada yangu atakaa ndani amepakwa hina, hajui anamsubiri nani.

Nikafika getini.

"Wewe! Simama hapo!"

Alikuwa Kisilu, mlinzi wa nyumba ile. Nilimfahamu tangu siku ya posa.

"Kisilu, nifungulie! Nimeleta ujumbe wa harusi!"

"Ujumbe wa harusi umeshaingia. Ni mama amekuja na teksi, amevaa buibui, ananukia udi. Wewe unanukia grisi."

"Nifungulie, ni haraka!"

"Haraka gani? Kuna mtu anazaa?"

Hapo ndipo ulimi wangu, ambao haujawahi kunisaidia, ukajitolea.

"Wino wa zile kadi una sumu!"

Kisilu akaangalia viganja vyake.

"Mimi ndiye nimebeba hiyo boksi..."

"Pole sana!"

Geti likafunguka kama lenyewe. Kisilu alikuwa tayari anakimbilia mfereji.

Nikaingia sebuleni na viatu. Wamekaa wanawake wamejipanga kama baraza la mawaziri. Mama Shiraz katikati, sari ya rangi ya zambarau, miwani kwenye ncha ya pua. Mbele yake boksi, liko wazi.

Bi Mwanasha alikuwa amesimama, macho ameyafumba, sauti imepanda.

"...na nyanya yake pia hajambo, na mguu wake wapata nafuu, na wote kwa jumla wawasalimu. Na baada ya salamu, Bwana Athman na mkewe wasema..."

Alhamdulillahi! Bado yuko kwenye salamu!

Lakini Mama Shiraz alikuwa na bahasha mkononi. Kucha yake imeingia chini ya gundi...

"MSIFUNGUE!"

Watu wote wakaruka.

"Jabir?" Bi Mwanasha akafumbua jicho moja. "Mwanangu, kulikoni?"

"Wino una sumu! Mtapofuka!"

Ukelele uliotoka pale sijausikia tena maishani. Nikampokonya Mama Shiraz bahasha. Nikakumbatia boksi. Nikatoka nalo mlango wa varanda, na pale bustanini kulikuwa na kidimbwi cha mawe, maji meusi, samaki wa dhahabu.

Nikatupa zote.

Zote!

Nikasimama nikihema. Nimeokoa harusi. Mimi, Jabir, niliyeitwa asiyefaa katika ripoti mbili za shule, nimeokoa harusi.

Gundi ya bahasha ikalainika. Moja ikafunguka taratibu. Kadi ikatoka, ikaelea, ikanigeukia uso.

"...kwenye harusi ya binti yao Mabruka na Bwana Shiraz. Sherehe itafanyika katika Ukumbi wa Parklands, Jumapili saa sita mchana."

Nikaivuta nyingine kwa kijiti.

Ukumbi wa Parklands.

Nyingine.

Parklands...

Hakuna kuku. Hakuna kisu. Kadi safi, nzuri, za heshima, zimelowa chapachapa, na samaki anainusa moja kama anataka kuthibitisha atahudhuria.

Nilikuwa nimeua kadi za kweli.

"Samaki wangu!" Mama Shiraz alikuwa nyuma yangu. "Umesema wino una sumu! Kisilu! Kisilu! Toa samaki!"

Kisilu akaja mbio na ndoo, mikono imejaa povu la sabuni.

"Mama, hata mimi naumwa! Mkono huu hauna nguvu!"

"Wewe baadaye! Samaki kwanza!"

Samaki wa kwanza akaingia ndoo. Wa pili akaruka nje, akaanguka kwenye nyasi, anarukaruka. Shangazi mmoja amezimia au anajifanya. Bi Mwanasha ameshika kichwa. Na mimi nilijua kwamba nikinyamaza dakika moja zaidi, samaki atakufa kwa uongo wangu, na itathibitishwa kwamba kulikuwa na sumu, na Kisilu ataenda hospitali.

"Mama..." sauti ilitoka ndogo. "Hakuna sumu."



"Umesema nini?"

"Hakuna sumu. Rudisha samaki."

"Basi kwa nini umetupa kadi za mwanangu kwenye maji?"

Ikabaki kweli tu. Nikapanda naye varandani. Nikatoa mfukoni ile kadi ya kwanza, niliyoikuta ofisini. Nikampa.

Akairekebisha miwani. Akaanza kuisoma. Kwa sauti!

"...kijana msomi, mtanashati, anayemcha Mungu na..."

Akanitazama. Akaendelea mpaka mwisho. Alipofika kwenye viatu, macho ya kila mtu yakashuka kwenye viatu vyangu, vilivyokuwa na matope, juu ya zulia lake la varanda.

Nikapiga magoti. Sioni haya kusema.

"Mama, Mabruka hajui lolote. Yuko ndani. Ananiamini mimi. Niadhibu mimi, nifunge kwenye banda la mbwa, lakini usimvunjie harusi. Tafadhali. Nitakusafishia kidimbwi mpaka nizeeke."

Hapo Shiraz akatokea ngazini, taulo shingoni.

"Kelele ya nini?"

Mama yake akamnyooshea kadi bila neno. Shiraz akasoma. Midomo ikaanza kumcheza. Akageukia ukuta. Mabega yakaanza kutikisika.

"Unacheka?" mama yake akauliza.

"Hapana, Mama."

"Shiraz!"

"Lakini Mama, ni kweli naogopa kuku..."

Mama Shiraz akavuta kiti akakaa. Mimi niko chini, natazama ukingo wa sari yake kama mtu anayesubiri hukumu ya kunyongwa.

"Nikivunja harusi hii leo," akasema mwishowe, "watu wataniuliza sababu. Nitawaambia nini? Kwamba samaki wangu wamepata kadi kabla ya shangazi za Shiraz?"

Akamgeukia Bi Mwanasha.

"Bi Mwanasha, zamani kwenu mlialika vipi kabla ya hizi kadi?"

"Kwa mdomo, Mama. Na hata leo mdomo ndio mwaliko. Kadi ni pambo tu."

"Basi alika kwa mdomo. Nyumba zote, zetu na zenu. Na huyu atakubebea mwavuli."

"Yuafaa," Bi Mwanasha akasema. "Ana sauti."

"Kwa dada yako nitanyamaza. Ni zawadi yangu kwake, si kwako. Ya bosi wako, mweleze mwenyewe."

"Leo hii nitamweleza, Mama!"

Akaichana ile kadi vipande vidogo vidogo. Nikasikia roho inarudi mwilini.

* * *

Niliporudi ofisini, Mwololo alikuwa amerudi kutoka kwenye chai.

"Niaje, mwandishi!" Meno yote nje. "Uliona nilikuachia ile kadi pale mezani? Nimecheka mpaka nikamwaga wino!"

"Mwololo, ulichapa ngapi?"

"Ya nani? Ya kuku? Si zile za majaribio tu. Nilifungua ya pili nikijua ndiyo mpya, nikatoa za majaribio, nikasoma, nikasema huyu ni Jabir. Nani mwingine anaweza kusema 'mgeni adhimu' halafu amwambie abebe kisu? Nikarudi kwa ya kwanza, nikachapa kazi. Kwani ulidhani nini?"



Sasa nisikilize vizuri hapa. Mwololo alisema "za majaribio". Siku zote huchapa mbili. Moja ya kuangalia wino. Nyingine huingia kwenye droo ya bosi, kwa sababu Kamleshbhai huweka nakala ya kila kazi. Mimi nilikuwa nimeishika moja, na imechanwa Spring Valley.

Ya pili sikuiuliza.

Na kwa Kamleshbhai? Nilifika mpaka mlango wa chumba chake. Nikapumua. Nikaona uso wake. Nikamwambia kadi zimelowa maji kwa bahati mbaya, na baiskeli ilihitaji mazoezi.

"Maji gani?" akauliza.

"Mengi."

Nikakimbia.

Siku zilizofuata nilitembea na Bi Mwanasha mpaka soli zikalia. Parklands, Pangani, Eastleigh, Satellite. Nimeshika mwavuli bila mvua, kanzu ya baba inaburuta. Mlangoni anaanza yeye, namalizia mimi: "...mwaombwa mje, mle, mcheze, mtuozee watoto wetu." Wasichana wananicheka madirishani. Mmoja akaniuliza kama mimi ni mwalishi mwanafunzi.

"Na bosi wako je, twende tumwalike?" Bi Mwanasha aliuliza siku ya mwisho.

Kumkabili Kamleshbhai? Aniulize tena kuhusu maji?

"Yeye hana haja," nikasema. "Ana nakala yake kwenye droo."

Nililisema kwa mdomo wangu mwenyewe, ndugu zangu. Na nikaendelea kutembea.

* * *

Jumapili, Ukumbi wa Parklands ulijaa mpaka watoto wakakalia madirisha. Biriani ilinukia hadi barabarani. Mama Shiraz alimshika Mabruka mkono mbele ya watu, akamwita "binti yangu". Nilitazama hina ile iliyokuwa imefichwa chini ya vitambaa, nikageuka kufuta jicho. Moshi wa jikoni.

Tukatoka uani kupiga picha. Mabruka akatazama huku na huku.

"Jabir, Kamleshbhai hajaja?"

"Labda ana kazi."

"Jumapili? Aliniambia hata afe atakuja. Ndiye aliyenifundisha kazi." Akanipunguzia sauti. "Na wewe hujaniambia bado. Kadi zililowa maji gani, Agosti yote hii bila tone la mvua?"

"Dada, mpiga picha anasubiri, tabasamu..."

Hapo geti likafunguliwa.

Akaingia Kamleshbhai. Suti nyeusi, ua kifuani, viatu vinang'aa kama kioo. Nywele zimejaa jivu. Ananuka moshi wa nyama hatua ishirini kabla hajafika. Kwapani amebana kitu kirefu kimefungwa gazeti.

Mkono mwingine, kadi yenye kingo za dhahabu.



"Mabruka, mtoto wangu, nisamehe," akasema akihema. "Nimekaa Kenyatta Market tangu saa tano! Mimi! Sili hata yai! Nimesimama kati ya mbuzi na mbuzi. Wale wachoma nyama sasa wananiita kwa jina. Ningekuwa bado huko kama nisingempigia Mwololo simu hapa ukumbini, kutoka kibanda cha soda, kuuliza mko wapi."

"Kenyatta Market?" Mabruka akashangaa. "Kufanya nini?"

"Si kadi imesema? Nimesoma mahali na saa. Nimesoma kuja na kisu. Nikasema, haya, kila watu na desturi zao."

Akafungua gazeti. Kisu cha jikoni, kimenolewa, kimefungwa utepe mwekundu kwa heshima ya harusi.

Nyuma ya umati, Mwololo alianza kuchunguza sahani yake.

Mabruka akaichukua kadi. Akaisoma kimyakimya. Alipofika kwenye kuku aliinua macho, si kwa Shiraz, si kwa Kamleshbhai. Kwangu moja kwa moja.

"Mgeni adhimu," akasema polepole. "Jabir."

Watu wote wakageuka. Mama Shiraz akakunja mikono. Uso wake ulisema: zawadi yangu ilikuwa kunyamaza, si kukufunika blanketi.

"Ilikuwa ya kuficha mchezo tu, Kamleshbhai," nikaanza. "Kuna mchezo wa nyoka kwenye kompyuta. Ukiona bosi anakuja, kuna kitufe..."

"F10," akasema Kamleshbhai.



"Unakijua?"

"Nisikijue? Wewe ukiingia ofisini asubuhi, mimi nabonyeza nini?"

Nilimtazama mzee yule, na jivu lake, na ua lake, na kisu chake chenye utepe.

"Wewe ndiye... CHUI?"

Akarekebisha tai.

"Jumatano nilijua unacheza. Nilisikia nyoka anakula. Nikasema, angalau ameficha nyuma ya kazi ya kweli, kama mimi." Sauti ikabadilika. "Sikujua umeficha nyuma ya harusi ya dada yako."

Hilo ndilo lililoniuma. Si kelele. Hakupiga kelele hata kidogo.

Kwa hiyo, msomaji, tafuta ile michezo ya zamani, icheze yote, haina ubaya. Lakini F10 huficha mchezo tu. Mchezaji anabaki pale pale, anaonekana wazi, na mara nyingi bosi ndiye wa kwanza kumwona. Mimi ningesema kweli siku ya Alhamisi, Kamleshbhai asingemaliza mchana akipepewa moshi wa mbuzi.

Mabruka akakunja kadi ile mara mbili, akaiingiza ndani ya mkono wa gauni lake. Hakuwa amecheka. Hakuwa amelia pia. Akaburuta kiti cha mpiga picha, akaketi na shela lake lote, akanionyesha kiti cha pili.

"Kadi zililowa maji gani?"

Nikamtazama Bi Mwanasha. Akafumba macho. Nikamtazama Shiraz. Akatazama anga. Nikamtazama Kisilu, aliyekuja harusini na bado alikuwa ananusa viganja vyake.

Nikaketi.

"Dada," nikasema, "ya kidimbwi cha samaki. Na hakuna samaki aliyekufa, kwanza ujue hilo."